Karuhusiwa siku ya tatu, kwao ni Tandahimba

Mwezi uliopita grupu la ukoo wetu lilichangamka kwa picha moja. Mjomba kakaa kwenye benchi nje ya wodi, Dar, mfuko wa dawa mapajani, uso umechoka ila anatabasamu. Chini yake maneno: "Siku tatu tu! Mjomba kazibuliwa mshipa wa moyo, karuhusiwa, kesho anapanda basi." Zikamiminika dua na maua, na binamu yetu wa Tabata akatoa na mhadhara kwamba teknolojia imekua, enzi za babu angelazwa mpaka mvua za masika.

Jumapili nilipanda Tandahimba, mkoani Mtwara, kumsalimia. Nimerudi na hasira, na kwa kuwa grupuni ukikasirika unaambiwa una gubu, nimekuja kuzimalizia huku.

Nikubali kwanza, kwa shingo upande, kwamba binamu wa Tabata hakukosea. Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo Septemba 1955 alikaa hospitali wiki 7 hivi, na huyo ni rais. Kabla yake hali ilikuwa mbaya zaidi. Mgonjwa wa moyo alilazwa chali wiki hadi wiki, hata kijiko cha uji asijishikie, mpaka mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown, madaktari wa Boston, walipoandika kwamba ukimkalisha kwenye kiti mapema anapata nafuu kuliko ukimgandisha kitandani. Kulala sana kunagandisha damu miguuni, kunalegeza misuli, na wodi nazo zina vijidudu vyake. Leo mtu aliyezibuliwa mshipa kwa ule mrija mwembamba unaopitishwa mkononi na kuwekewa stenti, kile kichuma cha kuuacha mshipa wazi, kama hana dalili za hatari kubwa, mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2017 unasema anaweza kurudi kwake baada ya saa 48 hadi 72. Sina ugomvi na hilo. Mjomba mwenyewe alianza kudai ruhusa siku ya pili, maana chakula cha wodini hakina chumvi na huku korosho zilikuwa zinaokotwa.

Ugomvi wangu uko kwenye nusu ya pili ya maelekezo hayo hayo, ambayo nadhani huwa inadondokea njiani, maeneo ya Rufiji. Inasema: mradi ufuatiliaji na mazoezi ya kumrudishia mgonjwa nguvu vimeshapangwa. Vimeshapangwa, jamani. Siyo "njoo kliniki mwezi ujao".

Aliyeandika hayo alikuwa na picha ya mtu anayetoka hospitali, anaingia kwenye gari, dakika ishirini yuko sebuleni, na kesho yake nesi anampigia simu. Mjomba alipanda basi Mbagala alfajiri. Kilomita 500 na ushee kuja Mtwara, mkono aliopitishiwa mrija bado una bandeji, kabanwa kiti cha dirishani na mama mwenye ndoo mbili. Somanga basi lilisimama akanunua supu, chumvi tele, kwa sababu njaa ilimshika na hakuna aliyemwambia asinunue. Kisha mjini, kisha usafiri mwingine kupanda nyanda za juu za Makonde. Na tushukuru hakupita Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara hiyo hiyo pale Somanga. Tarehe ya kliniki ya Dar ikiangukia wiki kama ile, sijui mgonjwa anaambiwa aogelee.

Dawa nilizikuta kwenye kopo la majarini juu ya kabati. Vibahasha vya karatasi, kila kimoja kimeandikwa 1x1 kwa kalamu, majina ya dawa yamefifia kwa jasho la safari. Nikavitandaza mkekani. Aspirini ipo. Ya kushusha lehemu ipo. Ya presha ipo. Kibahasha cha klopidogreli, ya kuzuia damu isigande, kitupu.

"Hiyo iliisha wiki iliyopita," mjomba akasema, bila wasiwasi kabisa. "Nikaona si nimeshapona? Halafu maduka ya hapa hawana."

Wenye mgonjwa aliyewekewa stenti naomba mnisikilize hapa hata kama mengine mtayaruka. Aspirini na klopidogreli huenda pamoja, mara nyingi kwa miezi 12, na wiki za mwanzo ndizo za kuogopa kuliko zote. Ukiiacha moja kwa kuwa unajisikia vizuri, damu inaweza kuganda ndani ya kile kichuma na mshipa ukaziba upya kwa ghafla, na safari hiyo huenda mtu asifike hata Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara, achilia mbali Dar. Kujisikia vizuri ndiyo kazi ya dawa hizo. Haina maana zimemaliza kazi.

Na haikuishia hapo. Bega lilikuwa linamuuma, akaenda duka la dawa muhimu, akauziwa diklofenaki. Kwa mtu aliyetoka kwenye shambulio la moyo, diklofenaki inaongeza uwezekano wa shambulio jingine, na ikikutana na aspirini inaweza kumtoa damu tumboni. Muuzaji simlaumu. Binti wa watu aliona mzee ana bega, akampa dawa ya bega. Karatasi ya hospitali, iliyotakiwa imwambie mzee huyu ni nani, ilikuwa chini ya godoro pamoja na hati ya shamba, imekunjwa mara nne, imejaa Kiingereza cha vifupisho ambacho hata mpwa wetu wa kidato cha nne alikirudisha kwa heshima. (Klopidogreli niliipigia simu mjini, ikapatikana, ikaja na Hiace ya jioni. Msiniulize bei.)

Aliambiwa? Ndiyo, aliambiwa. Asubuhi ya ruhusa nesi alimsimulia yote kwa mpigo mmoja, huku watoto wake wanahangaika dirisha la malipo, jirani wa kitanda cha pili anakohoa, na mzee mwenyewe anawaza tiketi. Hospitali yenyewe siitaji, maana nikiitaja wengine watajiona wamepona.

Gunia la korosho la mjomba huyu huyu likifika AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, linapimwa, linapangiwa daraja, linaandikiwa stakabadhi, linajulikana liko ghala gani na litaingia mnada upi. Likipungua kilo mbili kuna mtu atatoa maelezo. Mjomba ametoka Dar na moyo uliotoka kujeruhiwa, na kutoka Rufiji mpaka Ruvuma hakuna mhudumu wa afya hata mmoja aliyejulishwa kwamba anakuja.

Hiyo ni dawa, na dawa walau unaitandaza mkekani ukaihesabu. Lililonichoma zaidi ni namna mzee alivyokuwa anakaa. Mlangoni, mgongo kwenye fremu, mkono mmoja kifuani kana kwamba kuna kitu atakidondosha. Mke wake ananinong'oneza kuwa usiku halali, anakaa kitandani anasikiliza. Nikamsogelea.

"Mjomba," na yeye akaniita hivyo hivyo, "moyo ukipiga kwa nguvu nashindwa kujua ni hofu au ndiyo ugonjwa wenyewe umerudi."

Huyu ni mtu ambaye kwa kawaida akiogopa husema hali ya hewa si nzuri. Mpaka ameyatoa maneno hayo, ujue ameyalalia sana. Na si yeye peke yake: takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wa shambulio la moyo hupata sonona ya kweli, ile huzuni nzito isiyoondoka, na mwenye sonona huwahi kuliko wenzake kuacha dawa na kuacha kutembea, hivyo hata mtu asiyejali hisia za wazee angejali kwa ajili ya stenti yake. Harlan Krumholz wa Chuo Kikuu cha Yale aliandika mwaka 2013 kwamba mtu aliyetoka hospitali ana siku kama 30 za udhaifu wa mwili mzima, kwa kukosa usingizi, kwa msongo, kwa kutokula vizuri, na anaweza kurudishwa wodini kwa ugonjwa ambao si ule uliompeleka. Siku hizo 30 mjomba amezimalizia mlangoni. Wageni walijaa uani kumpa pole, na kila mmoja alikuwa na habari ya mtu wa Newala au Nanyamba aliyedondoka kwa moyo akafa hapo hapo. Pole za namna hiyo mtu abaki nazo.

Kutembea? Hakuna aliyemwambia kwamba anatakiwa atembee, kidogo leo, kesho azidishe, na kwamba kutembea huko ni tiba. Nyumba nzima inamkataza hata kunyanyua kikombe, huku rafiki yake anamletea uraka, pombe ya mabibo, eti wa kusukuma damu, na ng'onda ya kushushia.

Lingine watu wanaona haya, nitalisema haraka. Wazee wanataka kujua kama wanaweza kurudi kwa wake zao. Wengi wanaweza, wiki chache baadaye, na kipimo cha siku zote ni kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana wala kuhema (Tandahimba utaitafuta hiyo ghorofa kwa tochi, basi apande mlima). Ila dawa za nguvu za kiume zinazouzwa kiholela stendi zisikutane na vidonge vya naitreti vya kifua. Presha inaporomoka, na mtu anaweza kufa. Hili nalo liliachwa lijisemee.

Najua nitaambiwa vitanda ni vichache. Kweli. Nitaambiwa kukaa Dar ni gharama, ndugu wa Mbagala naye ana familia. Kweli tupu. Lakini mimi sidai mjomba angelazwa wiki. Nadai zile siku zilizookolewa zimfuate huku. Kliniki ya wiki mbili za mwanzo, ya kupima presha na mapigo, kukagua vibahasha na kumuuliza mtu analalaje, haihitaji kurudi Dar. Kwa nini isiwe Mitengo, hospitali ya kanda tuliyoisubiri miaka, au Ligula, Ndanda, Nyangao, Sokoine pale Lindi? Tiba mkoba ya JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ya madaktari kutufuata mikoani, tunaipenda, ila kambi huja ikaondoka. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii mpango wao ulizinduliwa mwaka 2024. Waongezewe kipima presha na jina la mgonjwa. Bima ya afya kwa wote tusubiri tuione.

Kwa leo, kama una mtu wodini Dar na kwao ni Kusini, usiende dirisha la malipo kabla hujamkalisha daktari. Muulize dawa ipi haitakiwi kukosekana hata siku moja na huku itapatikana wapi. Muulize dawa zipi za dukani ni marufuku. Mwambie aandike barua ya pili kwa Kiswahili, na nyingine kwa mganga wa hospitali ya huku, kwa jina la hospitali. Chukua namba ya simu inayopokelewa. Akikwambia foleni ni ndefu, kaa kwenye kile kiti cha mgonjwa usinyanyuke.