Rambirambi Zinarudishwa, Acheni Kunipigia

Kwa kuwa msaidizi wangu ameshasambaza kwenye magrupu kwamba "jamaa kajizushia msiba achangishe hela", naomba niseme mwenyewe.

Lilikuwa onyesho shirikishi: msanii hasemi, hasogei, watazamaji ndio wanaocheza. Msanii Yoko Ono alikaa hivyo Kyoto, Japani, mwaka 1964, watu wakamkata nguo kwa mkasi. Msanii mwingine, Marina Abramović, alisimama kwa muda wa saa 6 kule Naples, Italia, mwaka 1974, mezani vitu 72, bastola na risasi vikiwemo, na kuna mtu aliyemwelekezea ile bastola. Sasa mimi mwoga nikajipanga dhidi ya ukatili tu. Mkasi wa chekechea, ncha butu. Hakuna glasi, hakuna kiberiti. Mstari wa chaki mita 2 kunizunguka. Msaidizi kasimama kulia na filimbi: nikikunja kidole gumba anapuliza, onyesho limekwisha.

Mkekani vitu 12: kitana, mafuta ya nazi, kamba ya katani, sinia tupu, daftari la maoni, na mengineyo. Kibao cha maelezo nilikiandika herufi za sentimita 2, ambazo lazima uiname ndipo usome. Upepo ukakilaza kifudifudi.

Hebu ioneni hali yenyewe. Uwanja wa mtaa, saa nne asubuhi. Mtu kavaa nyeusi, kakaa mkekani, kimya, macho chini. Mbele yake sinia na daftari. Juu turubai, maana jua lilikuwa kali. (Wa uswahilini mmeshaelewa. Msinicheke kwanza.)

Mama wa kwanza alivua viatu. Akavuka chaki, akanishika bega: "Pole mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa." Akaweka elfu mbili kwenye sinia, akaandika jina na kiasi daftarini. Nami moyoni nafurahi, mshiriki wa kwanza huyo! Na hadhira ndivyo ilivyo: wa kwanza ndiye anayetunga sheria, waliobaki wanafuata. Punde mabenchi yakaja. Kina mama wakajifunga kanga viunoni, wanaulizana sufuria kubwa iko kwa nani.

Mjumbe akachuchumaa mbele yangu, taratibu, akanitazama usoni.

"Mwanangu, marehemu ni nani?"

Kimya.

"Ni mama?"

Jasho likaniingia jichoni, likateremka shavuni polepole. Lilikuwa jasho, jamani! Mjumbe akaliangalia hadi lilipofika kidevuni. Akainuka, akavua kofia. "Ni mama yake."

Kilio kikapanda. Nikakunja kidole gumba. Nikakikunja tena. Nikakunja vyote kumi. Msaidizi alikuwa kwenye foleni ya chipsi, filimbi shingoni.

Ndipo bodaboda ikasimama, akashuka mama yangu na kapu la sokoni, anauliza msiba wa nani. Walioomboleza wakakimbia, mmoja kaacha kandambili. Mama peke yake ndiye aliyeinua kibao akakisoma: "Nifanyeni mtakalo kwa kitu chochote kilichopo mkekani." Akaviangalia vyote 12 kwa makini. Akachagua kamba.

Mengine mmeyaona kwenye video. Hela zinarudishwa kwa kufuata daftari. Aliyeandika "mchele kilo 5" aufuate kwa mjumbe. Kibao kipya kina herufi za sentimita 10 na kimefungwa kwa waya. Natafuta msaidizi mwingine. Aje ameshiba.