Kukataa sisi tumezoea

Kuna mwandishi anasema mwanaume akitongozwa na mwanaume mwenzake huwaka, ila mwanamke akitongozwa na mwanamke hucheka yakaisha. Nakubali nusu. Mimi nasuka nywele Sinza, mwaka wa 9 huu. Mteja mmoja alinishika kiganja wakati ananilipa, hakukiachia, akasema taratibu, "Mtoto mzuri wewe, nikutoe jioni?" Nikamwambia, dada, nina mtu wangu. Akacheka, akachukua chenji yake. Mwezi uliofuata alirudi kusuka twende kilioni.

Sasa bodaboda wa kijiwe cha hapo nje alitumiwa meseji na abiria wa kiume, ya kumsifia umbo. Aliisoma, akanyamaza. Mwenzake alipoichungulia ndipo matusi yakaanza, anataka kumfuata mtu kwake! Hasira ile ilikuwa ya meseji au ya kijiwe?

Halafu nyie kaka zetu hamjazoea kutakwa msipotaka. Mimi kutoka kituo cha daladala mpaka saluni naitwa "mrembo" mara sita, mwingine anavuta mkono kabisa. Nikigombana na kila mmoja nitafungua saa ngapi? Sawa, kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kile cha kuingiliana kinyume na maumbile, ni jela miaka 30 hadi maisha, kwa hiyo naelewa mtu akiogopa hata kudhaniwa. Ila kinahusu tendo, si kusifiwa.

Yule boda alipozwa na mzee mmoja wa kijiweni: "Weka simu mfukoni, abiria wa Mwenge huyo." Akawasha, akaondoka.