Umeme ukikatika hapa katikati?

Miaka michache iliyopita nilitengeneza programu ya mauzo kwa duka moja la vipuri vya pikipiki. Mwenye duka aliijaribu, akaipenda, akanilipa. Wiki ya pili akanipigia simu: "Fundi, mzigo umetoka, lakini kwenye kompyuta bado upo."

Umeme ulikatika muuzaji akiwa ndiyo kwanza amebonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mauzo yaliandikwa, stoo haikupunguzwa. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeyaandika mambo hayo mawili mbalimbali, badala ya kuyafunga kwenye muamala mmoja ili yaingie yote au lisiingie hata moja. Kwa lugha ya site, nililipua kazi. Na lile neno "fundi" liliniuma kuliko angenitukana.

Msimbo wangu, yaani maandishi yanayounda programu, kwa taarifa yako, ulikuwa umepangwa vizuri tu. Majina safi, maelezo kila mahali. Sisi waandishi wa programu tunaweza kubishana usiku kucha kuhusu mpangilio wa mistari, wala hakuna anayeuliza kitakachotokea umeme ukikatika.

Wapo wanaouliza: watengenezaji wa SQLite. Hiyo ni hifadhidata ndogo, yaani programu ya kutunza data, iliyomo ndani ya simu yako, iwe Android au iPhone. D. Richard Hipp aliianzisha mwaka 2000, baada ya kufanya kazi kwenye programu ya manowari ya Marekani iliyokuwa inakwama kila seva ya hifadhidata ilipozima. Akataka hifadhidata isiyohitaji seva kabisa, yaani isiyotegemea programu nyingine inayoendeshwa pembeni. Kufikia 2023 ilikuwa na mistari ya msimbo kama 156,000, na msimbo wa kuijaribu ulikuwa mara 590 ya huo.

Lakini kinachonivutia zaidi ni aina ya majaribio yenyewe. Wanajifanya kompyuta imeishiwa kumbukumbu: ombi la kwanza la kumbukumbu linakataliwa, wanaangalia kama programu imestahimili. Kisha wanakataa la pili, halafu la tatu, hivyo hivyo mpaka kazi ifike mwisho bila kukwama. Wanaiga pia umeme kukatika wakati data inaandikwa, wanaharibu kwa makusudi kile kilichokuwa hakijafika kwenye diski, kisha wanalifungua faili kuona kama muamala umekamilika wote au umefutika wote.

Sisemi programu ya duka iandikiwe msimbo wa majaribio mara 590. Nani atalipa? Kwetu bei inapatanwa kwa idadi ya kurasa na ripoti. Ukimtajia mteja siku tatu za majaribio, anasikia siku tatu za kukaa bure. Sawa. Ila fundi bomba hamuulizi mwenye nyumba kama angependa viungio visivuje. Siku hizo tatu ziingize kwenye bei, unyamaze.

Nilirudi dukani na programu iliyorekebishwa. Safari hii sikumwonyesha mwenye duka ukurasa wowote. Nilimwomba muuzaji auze plagi moja ya pikipiki, na alipobonyeza tu nikachomoa waya wa kompyuta ukutani. Tukawasha, tukakagua stoo, tukarudia. Mara ya nne mwenye duka akaniuliza kompyuta yake imenikosea nini. Kufikia mara ya kumi alikuwa anachomoa mwenyewe.