Mjomba, Limekubali!

Hapa Mwanza mawe ni bure. Ukijenga, unajenga juu ya jiwe. Ukilima mchicha, jembe linagonga jiwe. Dagaa mke wangu anaanika juu ya jiwe. Ndiyo maana mtu akiniuliza imekuwaje mzee mzima, mwenye kitambi na mkopo wa benki, akanunua gari la rimoti, namwonyesha nyuma ya nyumba yangu, Isamilo. Mawe yote yale, na hakuna anayeyapanda isipokuwa mijusi wenye vichwa vya pinki!

Gari lenyewe ni krola: matairi makubwa laini, mwendo wa kobe, kazi yake kung'ang'ania mawe. Lina ugonjwa mmoja tu. Tairi la mbele likibanwa kati ya mawe mawili, nami nikalazimisha kona, linazimia. Sekunde moja kimya, kisha linazinduka kama mlinzi aliyeshtuliwa na bosi. Siku moja lilizimia katikati ya mteremko, likazinduka bondeni, matairi juu.

Mwenye kosa ni sevo, ile mota ndogo ya kukata kona. Ikibanwa, inakunywa umeme kama ng'ombe wa kiangazi. Na umeme huo inaugawana na risiva, kile kidude kinachopokea amri za rimoti, wote wanakula kwenye kasufuria kadogo ka volti 6 kaliko ndani ya kidhibiti mwendo. Sevo ikikomba sufuria, risiva inalala njaa, gari linazima. Dawa yake ni regulata ya nje: inachukua umeme moja kwa moja kwenye betri, inaushusha, inampa sevo sufuria yake peke yake.

Nikaagiza moja Kariakoo, ya ampea 5. Ikaja kwa basi, kitu cha ukubwa wa kiberiti ndani ya boksi la viatu. Juu yake kuna kidude cha bluu chenye skrubu ya shaba ndogo kama kichwa cha pini. Hiyo ndiyo unazungusha kuchagua volti.

Betri yangu ni ya seli tatu, ikijaa inafika volti 12.6. Nikaunga regulata, nikaweka multimeta upande wa kutokea umeme, nikashika bisibisi. Nikazungusha. 12.4. Nikazungusha tena. 12.4. Mzunguko wa nane, 12.4. Nimeshaanza kumtukana muuzaji kimoyomoyo, mara mzunguko wa kumi na tatu namba zikaanza kushuka. Nikasimama kwenye 6.0. Mpwa wangu wa darasa la tano, ambaye alikuwa ameshika tochi, akapiga makofi. Nikarudisha multimeta kabatini kwa madaha.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Waya mwekundu wa sevo nikauchomoa kwenye plagi inayoingia risiva, nikaulehemu kwenye regulata. Ile miwili mingine nikaiacha ilipo. Nikafunika kiungo na kale kampira kanakosinyaa kwa joto, kazi ikapendeza kama ya kiwandani. Nikawasha. Gari likaenda mbele, likarudi nyuma. Kona, wapi!

"Mjomba, si upime?"

"Nimeshapima. Volti 6 ni chache kwa sevo hii. Imeandikwa ubavuni, inakula mpaka 7.4."

Nikachukua bisibisi, nikaongeza mzunguko mmoja. Kimya. Miwili. Kimya. Nikakumbuka skrubu hii ni mvivu, nikaipa mingine mitano ili iamke. Kimya vilevile. Nikatoa hukumu: sevo imekufa, muuzaji ni mwizi, twende tukale.

Nilikuwa nimeshanyanyuka, magoti yanalia, mtoto akaanza kubinyabinya ule waya mwekundu pale kwenye kampira.

*Krrrak!*

Matairi ya mbele yakaruka kushoto kwa nguvu ambayo sijawahi kuiona kwenye gari lile.

"Mjomba, limekubali!"

Na kweli lilikubali. Lilikata kona kushoto na kubaki hapohapo, likilia kama mbu aliyeingia sikioni. Mimi, kwa furaha, nikapiga kelele: "Usiachie! Binya hivyohivyo!" Akabinya. Mtoto mtiifu sana yule.

Harufu ilitangulia. Kisha moshi, uzi mwembamba mweupe, ukapita chini ya boneti ukaelekea kwenye kitambaa cha meza alichofuma mama mkwe. Nikang'oa betri kwa mikono miwili. Sevo nilipoitoa ilikuwa ya moto kiasi kwamba iliacha duara la kahawia kwenye kitambaa.

Multimeta ikatoka kabatini. Kwenye mdomo wa regulata: volti 11.3. Nikachana kampira. Lehemu ilikuwa imekaa juu ya waya kama maji kwenye jani la gimbi, haijashika kitu. Sevo haikuwa imekufa hata kidogo, ilikuwa haijaunganishwa. Nilikuwa nampandishia volti mtu ambaye hayupo, na alipofika akazikuta zote zinamsubiri.

Mama mkwe akija siku hizi, sahani ya maandazi inakaa juu ya lile duara, na hairuhusiwi kusogezwa.

Sevo mpya imefika jana. Mpwa wangu amekuja mapema, kavaa miwani ya jua sijui ya nini. Kashika multimeta, kashika bisibisi, waya wa sevo kaukalia.

"Mjomba," akasema, "wewe shika tochi."