Hilo mnaloita tope

Jumamosi iliyopita niliweka picha moja tu kwenye grupu la ukoo, nimeegemea ukuta wa udongo kule Aït Benhaddou, na jibu la kwanza likatoka kwa shangazi: "Mwanangu, Moroko kwenyewe umeishiwa mpaka unalala kwenye tope?" Wakacheka wote. Mimi sikucheka, hilo neno tope limenikaa kooni wiki nzima.

Shangazi, shikamoo. Hapo ulipopaita tope ni ksar, kijiji kizima kilichozungushiwa ukuta, cha Waamazigh, ndo hao wengi wanawaita Waberberi. Ukitoka Marrakech unapanda milima ya Atlas kwa kona mpaka kichwa kinazunguka, unashuka upande wa jangwani, na kama kilomita 30 kabla ya Ouarzazate unakiona kimepanda kilima juu ya mto, rangi moja na ardhi. Misafara ya ngamia toka Sahara ilikuwa inapita hapo. Minara ina nakshi za matofali mabichi, juu kabisa kuna ghala la nafaka la kijiji, na karibu vyote vimejengwa kwa udongo, UNESCO wakakiingiza kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 1987.

Ila mimi sikuguswa na UNESCO. Ilikuwa saa saba mchana, jua linaunguza, nikainama kuingia kwenye nyumba ya familia mojawapo ya zile chache zilizobaki mle, nikawapa dirham 10, na nilipovuka tu kizingiti mwili ukapoa. Nikainua macho: boriti, juu ya boriti matete yamebanana, juu ya matete udongo. Jamani, hilo ni paa la bibi yangu! Tembe kabisa, la kwetu Dodoma, lile paa bapa aliloanikia uwele na sisi wajukuu tunafukuza kuku. Nikasimama pale machozi yananilengalenga na mwenye nyumba akaniletea chai akidhani naumwa.

Nje kulikuwa na mzee anakandika ukuta uliolika na mvua. Udongo, maji, majani makavu ya ngano, anaukanyaga kwa miguu mpaka unashikana alafu anaupaka kwa kiganja, taratibu, kama anampaka mtoto mafuta. Fundi kama huyo wanamwita maalem, ndo neno lile lile lililotupa sisi mwalimu. Kwetu mzee anayejua kazi hiyo tunamwita nani? Tunasema masikini hana hela ya bati.

Na tembe la bibi halipo. Lilibomolewa 2019 na hela nilituma mimi, siwezi kumlaumu mtu. Tukaweka bati la msauzi la bluu, kijiji kizima kikatusifu, na sasa hivi bibi anashinda chini ya mti mpaka jioni manake ndani hakukaliki, na mvua ikinyesha hamsikilizani.

Najua mtakachosema. Huyu kakaa nje miaka minne keshaanza kutuambia turudi kwenye tembe, yeye Rabat anaishi ghorofani. Ni kweli naishi ghorofani. Na papasi, wale wadudu wanaouma kwenye nyumba za udongo, nawajua, homa yake niliugua nikiwa darasa la tatu, hakuna wa kunihadithia. Tetemeko la Septemba 2023 hapa hapa Moroko liliua karibu watu 3,000 na nyumba nyingi za udongo milimani ziliwaangukia wenyewe, kwa hiyo sisemi udongo hauna ubaya. Mtasema pia mbona hao Waamazigh wenyewe wengi wamehamia ng'ambo ya mto kwenye umeme na maji. Wamehama, ndiyo, lakini hawakubomoa! Hapo ndo naumia. Mtu anaweza kutaka bomba na taa na bado akaiheshimu nyumba aliyozaliwa mama yake.

Sisi kutunza tunajua. Michoro ya Kondoa ipo kwenye orodha hiyo hiyo ya UNESCO tangu 2006, na hapo ni mkoani kwetu. Na tembe linalojulikana kuliko yote Tanzania ni lipi? La Kwihara, Tabora, limefanywa makumbusho kwa sababu Livingstone alilala humo. Kwa hiyo akilala mgeni ni historia, akizaa bibi yangu watoto saba ni tope?

Basi nimeongea na mdogo wangu. Tembe la babu mdogo bado limesimama, nimemwambia asiruhusu mtu kugusa hata fito, hela niliyoahidi ya bati iende huko. Mzee mmoja jirani anaijua kazi, kaenda kulikagua juzi. Anasema boriti mbili zimeliwa na mchwa na paa linataka udongo mpya kabla ya mvua za Desemba.