Dhahabu ya kintsugi imesafiri, utomvu umebaki nyumbani

Bakuli likivunjika, fundi wa kintsugi, sanaa ya Kijapani ya kuunga vyombo vilivyovunjika na kuipamba mipasuko kwa dhahabu, haanzi na dhahabu. Anaanza na urushi, utomvu wa mti, anaouchanganya na unga wa ngano mpaka unakuwa gundi. Akishaunga vipande, anakiweka chombo kabatini penye joto na unyevunyevu, kwa maana urushi haugandi kwenye hewa kavu. Unataka unyevu kama wa pwani yetu wakati wa masika. Siku zinapita. Anatoa chombo, anaziba mapengo kwa urushi uliokorogwa na unga laini wa udongo, anakirudisha kabatini, anapiga msasa, anapaka tabaka jingine, anasubiri tena. Unga wa dhahabu hunyunyizwa karibu na mwisho, juu ya mstari wa urushi ambao bado unanata. Bakuli moja linaweza kuchukua miezi.

Nje ya Japani, hasa Ulaya na Marekani, sanaa hii imefika dhahabu ikiwa imetangulia. Imeingia kwenye vitabu vya kuliwaza mioyo na semina za maofisini: ulivyovunjika ndivyo utakavyong'aa. Madukani kuna viboksi vyenye gundi ya epoksi na unga wa rangi ya dhahabu, na kazi ya miezi inakwisha kabla ya chai ya jioni. Kwa wengine huko ndiko kueneza sanaa kulikofanikiwa; kwa wengine ni kuipora roho yake. Nimesikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona kila upande una jambo zito ambalo mwenzake hataki kulisikia.

Wanaolalamika wanaanzia msituni. Mti wa urushi hukua miaka 10 hadi 15 kabla haujagemwa. Mgema huuchanja msimu mmoja, kuanzia kiangazi mpaka majani yanapokaribia kupukutika, na kwa jasho lake lote hupata takribani mililita 200, sawa na glasi moja. Kisha mti unakatwa, na yanasubiriwa machipukizi mapya. Zaidi ya asilimia 90 ya urushi unaotumika Japani hutoka nje, sehemu kubwa China. Unaogemwa nchini hutoka zaidi eneo la Joboji, katika mji wa Ninohe mkoani Iwate, ambako wagema waliobaki ni wachache. Mwaka 2015 Wakala wa Utamaduni wa Japani ulielekeza kwamba majengo ya hazina ya taifa yakikarabatiwa, ulengwe urushi wa ndani, na ghafla ikaonekana wazi jinsi miti na watu walivyopungua. Sasa mtu anayejua kintsugi kama msemo tu, atanunua nini kwa mgema huyu?

Utomvu huo una ukali. Ukigusa ngozi ukiwa mbichi, muwasho na malengelenge hufuata, na wanagenzi huanza kazi kwa kuwashwa. Msomaji wa Mtwara au Lindi ataelewa bila kuchorewa picha, kwa kuwa mti wa urushi ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na mafuta ya ganda la korosho yameunguza vidole vya wabanguaji wengi. Undugu huo haukuishia kwenye botania: Japani kuna rangi inayotengenezwa kwa mafuta ya ganda la korosho, nayo hutumika mahali pa urushi kwenye vyombo vya bei nafuu. Nalitaja hili kwa sababu linawatatiza kidogo walalamikaji. Ikiwa Wajapani wenyewe wamekubali kibadala, epoksi peke yake haiwezi kuwa kosa lote.

Wanaotetea uenezaji nao wana la kusema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Soko la ndani la vyombo vya urushi na kimono limenywea kwa miongo kadhaa, na tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la Noto liliipiga Wajima, mji wa mafundi wa urushi, moto ukateketeza mtaa wa soko lake maarufu la asubuhi. Karakana inayojengwa upya haiwezi kumchagua mteja kwa usafi wa nia yake. Tena, wanasema, sanaa ya Japani lini iliwahi kukaa peke yake? Wafinyanzi wa mji wa Arita, Japani, walikuwa wakitengeneza kauri kwa oda za Waholanzi tangu karne ya 17, kwa maumbo waliyoyataka wanunuzi wa Ulaya. Bluu ya mchoro wa wimbi kubwa wa Hokusai, msanii wa Kijapani, wa mwaka 1831 hivi, ni rangi iliyobuniwa Berlin.

Mfano wao wenye nguvu kuliko yote ni taiko, ngoma za Kijapani. Wengi hudhani kundi la ngoma kubwa zikipigwa pamoja jukwaani ni urithi wa kale. Ngoma zenyewe ni za kale. Mtindo huo ulianza mwaka 1951, pale Oguchi Daihachi, mpiga ngoma wa jazi kutoka Nagano, alipopanga upya mapigo ya zamani ili yapigwe na watu wengi kwa ngoma za sauti tofauti. Mwaka 1969, Los Angeles, Wamarekani wenye asili ya Japani katika hekalu la Senshin waliunda kundi la Kinnara. Ngoma za kutoka Japani ziliwashinda bei, wakachukua mapipa ya mvinyo, wakayawamba ngozi wenyewe. Leo taiko ina makundi mengi ya wenyeji nje ya Japani, na hakuna mwenye akili atakayeyaita ya bandia.

Hapa ndipo ninapoachana na pande zote mbili. Pipa la mvinyo ni kibadala kama epoksi ilivyo kibadala. Lakini waliolichukua pipa walilipa gharama kwa mikono yao: kukwangua, kuloweka ngozi, kuivuta, kukosea, kisha miaka ya mazoezi mpaka viganja vikaota sugu. Kiboksi cha epoksi kinauzwa kwa ahadi kwamba huhitaji kulipa gharama hiyo. Nyenzo inaweza kubadilika na sanaa ikabaki hai. Subira ikiondolewa, kinachosafirishwa ni maelezo kuhusu sanaa.

Ndiyo maana ugomvi wa Boston wa mwaka 2015 uliniacha na huzuni. Jumba la Sanaa la mji huo liliwakaribisha watazamaji wavae nakala ya kimono iliyomo kwenye mchoro wa mwaka 1876 wa Monet, mchoraji Mfaransa, wapige picha mbele yake. Waandamanaji, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Asia, walisema utamaduni unageuzwa vazi la kuchezea. Wanajua uchungu wa kuonekana wageni katika nchi yao wenyewe. Wengine wakaja wamevaa kimono kupinga waandamanaji, wakisema vazi lisipovaliwa litakufa. Na nakala hizo zilikuwa zimeshavaliwa na watazamaji Japani bila kelele. Zoezi la kuvaa likafutwa, vazi likabaki la kutazama na kugusa. Naamini pande zote zilisema kweli, na bado dakika tano za picha zisingemfikia mfumaji, na kuzifuta hakukumfikia pia.

Serikali ya Japani imetumia njia mbili tofauti. Japan Foundation, iliyoanzishwa 1972, imepeleka wasanii, walimu na maonyesho duniani kwa miaka mingi. Mfuko wa Cool Japan wa mwaka 2013 ulitafuta faida kwenye umaarufu, ukalimbikiza hasara iliyopita yen bilioni 30. Kama ningepewa nafasi ya kushauri, fedha ningezielekeza kwa mgema, na kwa fundi ili akae ugenini msimu mzima na wanagenzi wachache, aje na kopo la urushi na kabati la unyevu. Watakaomaliza watakuwa wachache. Hao ndio watakaoagiza kopo la pili.

Kwa hiyo nikiona tangazo la darasa la kintsugi, iwe Nairobi au London, asili ya mwalimu si swali langu la kwanza. Nauliza bakuli litakaa kabatini siku ngapi.