Bosi Asiye na Kabila

Meneja wa Nairobi akipandishwa cheo, hata kabla hajamaliza kushukuru, utamsikia akisema: mimi sina kabila, hapa kazi ni kazi. Anapigiwa makofi, na makofi hayo yana sababu. Nchi hii ilizika watu zaidi ya 1,100 waliouawa katika ghasia za kikabila baada ya uchaguzi wa 2007, na waliokuwa na ajira mwanzoni mwa 2008 wanakumbuka wenzao waliokuwa wakila meza moja wakaanza kula mbalimbali. Anayetaka mambo ya kwao na kwetu yaishie langoni kwa askari anaogopa kitu anachokijua.

Tena hoja yake ina uzito kuliko wanavyokubali wakufunzi wa uongozi wanaokodi kumbi za hoteli Westlands kutuambia kila mtu aje kazini jinsi alivyo. Bosi akipewa ruhusa ya kuongoza kwa asili yake, binamu zake wako njiani na vyeti mkononi. Na hata asipopendelea mtu, asili humgeukia mwenyewe: mwanamke anapewa umeneja, kisha kila kesi ya likizo ya uzazi na kila mchango wa msiba unatupwa mezani kwake, Msomali aliyesomea uhasibu anageuzwa mshauri wa mambo ya Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi. Hayo yote nayakubali.

Lakini wanaosema kiongozi hawezi kuvua alikotoka wanaeleweka vibaya, wanadhaniwa ni watetezi wa ukabila. Wanachosema ni kwamba asiyejua macho yake yamezoea kuona nini, mazoea hayo ndiyo yanayompangia kazi.

Kuna ghala moja Industrial Area ambako kwa miaka mingi mali ilihesabiwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Meneja aliyeweka utaratibu huo alikuwa mtu mwema, wa kanisa, na Jumapili hakumwita mtu kazini. Dini hakuiona popote kwenye ratiba yake. Wasabato wa pale walikuwa wakijaza fomu ya ruhusa kila mwezi, wanakatwa siku, na wanatulia. Shida ni kwamba nafasi ya usaidizi wa msimamizi ilimtaka mtu ambaye hakosi siku ya kuhesabu, kwa hiyo mwaka baada ya mwaka hakuna Msabato aliyeipata. Hakuna aliyewabagua! Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, haisemi ni ipi, na kwa kipengele hicho ghala halikuvunja chochote.

Akaja meneja mwingine, mama wa Kiislamu, ambaye alipokuwa karani alikuwa akibembeleza kila wiki apewe saa ya swala ya Ijumaa. Alipoletewa fomu za ruhusa atie sahihi aliona majina yaleyale yakijirudia, akauliza. Hakuwa mwadilifu kuliko aliyemtangulia. Alikuwa tu amewahi kusimama upande ule wa meza. Hesabu ikahamishiwa Jumatano jioni. Wapo walionong'ona kwamba ameleta mambo ya dini, jambo ambalo yule wa kwanza hakuambiwa kamwe. Na yeye pia hakuona kila kitu: Jumatano ya kwanza tu, mama mmoja anayeishi Kayole alimwambia kwamba msaidizi wake wa nyumbani huondoka saa kumi na mbili, watoto atamwachia nani?

Kisa hiki hakinithibitishii kwamba Muislamu au mwanamke huongoza vizuri zaidi. Kinanionyesha kwamba upofu wa bosi wa pili uliweza kutajwa mbele yake, kwa sababu kila mtu alijua ametokea wapi. Wa kwanza ungemwanzia wapi, naye anaamini hana upande?

Sheria zetu nazo zimekwama hapohapo. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Ni kipimo kizuri, ila kinahesabu vichwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ndiyo inayonikosesha raha: inataka angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti ile, lakini inataja nafasi za ngazi ya kuingilia. Ngazi ya kuingilia! Hapo ndipo kwa karani wa masjala na dereva. Kaunti inaweza kuifuata asilimia hiyo barabara, na bado mezani panapogawanywa bajeti wakakaa watu wanaotaniana kwa lugha ya mama moja. Nazipenda sheria hizi, lakini zinasimama mlangoni kuhesabu wanaoingia, na ngazi ya kupandia hazina habari nayo.

Ngazi hiyo ni nani anakaimu. Ni nani anatumwa semina Naivasha na nani anaachiwa simu za ofisi. Ni nani yupo Burma, lile soko la nyama choma Nairobi, Ijumaa jioni nyama inapokatwakatwa na bosi anapotaja, kama mzaha, jina la atakayeongoza mradi mpya. Asiyekunywa hayupo, mwenye watoto hayupo, na Jumatatu wanakuta jambo limeshapita. Mwambie bosi huyo ana upendeleo akuapie kwamba meza yake ilikuwa na watu wa makabila matano, na atakuwa amesema kweli.

Ningeanzia kwenye kukaimu. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inaweka kikomo cha miezi sita, na miezi sita inatosha kabisa kumjengea mtu sifa za kuitwa mwenye uzoefu siku ya mahojiano. Kila ripoti inayohesabu jamii katika taasisi ya umma iwe na ukurasa mmoja zaidi: nani amekaimu cheo gani, kwa muda gani, na nani alimteua. Kampuni binafsi hazishurutishwi, ila hakuna kinachomzuia meneja kuandika orodha hiyo mwenyewe, na jina lake liwe juu.